Maziwa na Peremende: Je, Ukweli Nusu ni Uongo?

Swali tunalotaka kulijadili katika kurasa hizi ni la kale, nalo ni hili: mtu akiulizwa jambo, akajibu kwa maneno ambayo kila moja ni la kweli, lakini akaliacha lile moja ambalo muulizaji alilihitaji, je, huyo amesema kweli au amesema uongo? Tungaliweza kulijadili kwa mifano ya vitabuni, ambayo ni mingi. Lakini swali hili lilitufika sisi wenyewe, tena katika jambo dogo kabisa, yaani bilauri ya kinywaji cha sikukuu. Na kwa kuwa wasomaji wetu ni walimu na wanafunzi wa lugha, tumeona yafaa tulieleze kama lilivyotokea, kwani kiini chake kilikuwa ni neno moja la Kiswahili.

Miaka kadhaa iliyopita tulipata nafasi ya kutoka Uganda kwenda kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja nchini Marekani, katika jimbo la Wisconsin. Jimbo hilo liko kaskazini, nalo ni nchi ya ng'ombe. Hata vibao vya nambari za magari yake hulitangaza kuwa ndilo shamba la maziwa la Marekani. Mwezi wa Desemba theluji hufunika kila kitu, na jua huzama mnamo saa kumi na nusu alasiri, hata mtu akitoka darasani hukuta usiku umekwisha ingia. Watu wa huko huikabili baridi hiyo kwa kukusanyana majumbani, kuwasha mishumaa na kunyweshana. Sisi tuliozoea Krismasi ya jua kali, ya vumbi la barabara za kurudia vijijini na ya ndizi zilizopikwa ndani ya majani yake, ilitubidi tujifunze upya maana ya sikukuu.

Pamoja nasi alikuwako mwalimu mwingine wa Kiswahili, mzaliwa wa Lamu, aliyetupita umri kwa miaka michache, mcha Mungu na mcheshi. Tulikaa nyumba moja tukipika kwa zamu. Tulikwisha jua duka lipi lauza nyama iliyochinjwa kwa sheria ya Kiislamu, na sufuria ipi ni yake. Twalitaja hili mapema ili msomaji asije akatutafutia udhuru mahali pasipo na udhuru.

Juma la mwisho kabla ya Krismasi, mama mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu, alitualika sote wawili nyumbani kwake. Sisi tulitangulia ili kumsaidia jikoni. Alitukabidhi kazi ya kuponda peremende. Hizo ni zile fimbo ndogo za sukari, zenye mistari myekundu na myeupe, zilizopindwa mfano wa bakora, ambazo Wamarekani huzitundika katika mti wa Krismasi. Tulizitia ndani ya kitambaa, tukazigonga hata zikawa chenga. Ukingo wa kila bilauri ukapakwa asali kidogo, kisha ukabonyezwa katika chenga hizo, ukatoka umevaa ushanga mwekundu na mweupe. Baada ya hapo mama yule alichukua kopo la chuma lenye kifuniko, akatia mabonge ya barafu, mililita 30 za vodka, 30 za pombe tamu ya mnanaa, 30 za pombe tamu ya kakao, na 60 za malai mazito. Akalitikisa kopo kwa nguvu hata likaota ukungu wa baridi kwa nje. Alipokichuja kinywaji kilitoka cheupe kama theluji ya dirishani, na povu jepesi juu yake. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tuliona kwa macho yetu namna kilivyoundwa.

Yafaa tukae kidogo katika muundo huo, kwani mtu anayefikiri juu ya ukweli atakuta mengi ndani yake. Tuanze na jina. Pombe ile ya mnanaa Wafaransa huiita crème de menthe, na neno crème kwao ndilo malai. Lakini ndani ya chupa hamna hata tone la maziwa. Neno hilo limetumika kwa maana ya uzito wa utamu: kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, pombe ya namna hiyo sharti iwe na sukari isiyopungua gramu 250 katika kila lita. Jina lasema malai pasipo malai, wala mnunuzi haoni kuwa amedanganywa, kwa sababu istilahi anaijua.

Mnanaa nao una hila yake. Mmea huu Linnaeus aliupa jina la kitaalamu mwaka 1753, akiuhesabu kuwa ni aina inayojitegemea, kumbe ni chotara wa minanaa miwili. Mafuta yake yana mentholi, na mentholi ikigusa ulimi huamsha vile vipokezi vya neva ambavyo kwa desturi huamshwa na baridi. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2002, na wataalamu wawili waliolichunguza, David Julius na Ardem Patapoutian, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso. Maana yake ni kwamba ulimi husema “baridi” na hali kinywa hakikupoa. Twaweza kuuita huo uongo? Hapana, kwa kuwa mmea haujui unalolisema. Uongo hauwi uongo mpaka awepo anayejua.

Malai na sukari hufunika ukali wa pombe, hata mnywaji asihisi ule moto wa kooni ambao humwonya. Lakini kufunika si kupunguza. Tupige hesabu. Vodka ina kileo asilimia 40. Tuchukulie pombe tamu mbili zile zina asilimia 24 kila moja. Mililita 30 za vodka zina mililita 12 za kileo halisi. Za mnanaa zina 7.2, na za kakao 7.2, jumla ni mililita 26.4. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kileo asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo bilauri ile ndogo, iliyofanana na maziwa ya mtoto, ilibeba kileo kuishinda chupa nzima ya bia. Hatusemi haya kwa kuilaumu sanaa ya mama yule. Mpishi anayetia tui la nazi ili kuupoza ukali wa pilipili hajamdanganya mtu.

Basi tulipewa sinia tukapeleke ukumbini. Walikuwamo watu wapatao ishirini, wote watu wazima. Juu ya meza, karibu na dirisha, palikuwa na birika la maji ya matofaa yaliyochemshwa kwa mdalasini, yasiyo na kileo, ambayo mama mwenyeji aliyaandaa kwa ajili ya wasiotumia pombe. Mwenzetu wa Lamu alikuwa ndiyo kwanza ameingia, hajakung'uta theluji mabegani, amesimama hatua tatu tu kutoka kwenye birika hilo. Aliitazama bilauri, akatabasamu kwa uzuri wake, akauliza kwa Kiswahili:

“Hiki kina nini, ndugu yangu?”

Tukamjibu: “Maziwa na peremende.”

Akapokea, akasema bismillahi, akanywa.

Alikuwa amefika nusu ya bilauri alipoishusha. Chini ya ile baridi isiyo baridi alihisi joto la kweli likimshuka kifuani. Hakupaza sauti. Alikwenda kusukutua kinywa, akarudi, akajimiminia maji ya matofaa, akakaa mpaka mwisho wa karamu akimweleza mama mwenyeji habari za nyumba za mawe za Lamu na milango yake ya nakshi, ili mama yule asitambue kwamba lolote limetokea. Heshima hiyo ilituuma kuliko ambavyo ugomvi ungalituuma.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani akauliza, “Mwalimu, ulijua?” Tukakiri kwamba tulijua. Akanyamaza mpaka tulipofika kwenye taa ya njia panda, kisha akasema, “Mimi sina dhambi, maana sikujua. Lakini jambo limefanyika, na kosa halikosi mwenyewe. La leo limekwenda kwa nani?”

Hatukumjibu. Tangu siku ile tumekuwa tukilitafuta jibu, na makala haya ni sehemu ya kulitafuta huko.

Utetezi wa kwanza uliotujia ni ule wa mwalimu wa lugha. Maziwa yalikuwamo? Yalikuwamo. Peremende ilikuwamo? Tuliiponda kwa mikono yetu. Basi uongo uko wapi? Lakini lichunguzwe hilo neno peremende. Tulilipata kutoka kwa Waingereza, ambao kwao ni jina la mnanaa wenye ukali wa pilipili. Lilipofika kwetu sauti yake ikalainika, na maana yake ikatoka kwenye mmea ikaingia dukani, kwenye chupa ya vioo ambamo watoto hununua kitu cha kumung'unya. Mtu wa Lamu akisikia peremende hasikii pombe ya Ulaya iliyotiwa mnanaa. Asikia utoto. Katika maneno yote ya Kiswahili tuliyokuwa nayo kinywani, tulichagua lile lisilo na hatia kuliko yote, tukamfunikia nalo mwenzetu mililita 26 za kileo. Malai yalifanya kazi hiyo jikoni, na sisi tukaifanya kwa lugha ukumbini.

Wanaosoma isimu watamkumbuka Paul Grice, ambaye makala yake juu ya mantiki ya mazungumzo yalichapishwa mwaka 1975. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba wazungumzao husaidiana, na kila mmoja humchukulia mwenzake kuwa amesema kadiri inayotakiwa. Mtu mwenye watoto watano akiulizwa ana wangapi akajibu “wawili”, hesabu haimpingi, kwani aliye na watano anao wawili. Lakini hapana mtu atakayemwita mkweli. Aliyeuliza amejifungia orodha mwenyewe pale msemaji aliponyamaza, tena alikuwa na haki ya kuifunga. Kadhalika anayeuliza “kina nini” hakuombi vitu viwili vitatu upendavyo wewe. Kunyamaza kwako ndiyo nukta yake.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba haifai kusema uongo hata kwa muuaji anayebisha mlangoni akimtafuta rafiki yako. Wengi wamemwona mkali kupita kiasi. Lakini Kant huyo huyo, alipokatazwa na Mfalme Friedrich Wilhelm wa Pili kuandika juu ya dini mwaka 1794, aliahidi kunyamaza akijiita raia mtiifu wa mfalme huyo. Mfalme alipofariki mwaka 1797, Kant akarudia maandishi yake, na mwaka 1798 akaeleza hadharani kwamba maneno yale aliyachagua kwa makusudi, ili ahadi imfunge muda wa uhai wa mfalme yule tu. Hakusema uongo, alimwacha mfalme aelewe zaidi ya yaliyosemwa. Sisi hatumhukumu. Mfalme alikuwa akimziba mtu kinywa, na mnyonge akijisitiri nyuma ya neno twaweza kumwelewa. Lakini mwenzetu wa Lamu hakuwa mfalme wala muuaji, wala hakuwa na nguvu yoyote juu yetu. Hila ambayo mnyonge hujikinga nayo, sisi tuliitumia kwa mtu aliyetuamini.

Rafiki mmoja tuliyemsimulia kisa hiki alituambia kwamba tunajisumbua bure, kwani kinywaji kilitolewa kama zawadi, na cha bure hakichunguzwi. Tuliporudi kulifikiria neno hilo tuliona kwamba ndani yake mna ukweli, lakini ukweli unaokwenda kinyume cha alivyodhani. Katika sheria ya Kiislamu ya biashara, muuzaji anayeijua ila ya bidhaa yake hupaswa kuieleza. Hata hivyo mnunuzi naye ana kinga zake: humfungua mbuzi kinywa akatazama meno, humshika mgongo, huondoka akarudi, husema bei ni kubwa. Mgeni hana hata moja ya hizo. Adabu yamkataza kunusa bilauri mbele ya mwenyeji, kuigeuzageuza kwenye mwanga, au kusema nitafikiri. Anachoweza ni kuuliza mara moja, kwa upole, na kuamini atakachoambiwa. Ukarimu umemvua silaha zote ambazo soko limemwachia mnunuzi. Kama ni hivyo, mwenye kupeleka sinia anadaiwa ukweli zaidi ya muuza mbuzi.

Yawezekana kusemwa kwamba desturi yenyewe ni tangazo. Huko Marekani, kinywaji cheupe cha sikukuu mara nyingi huwa na pombe, na mzaliwa wa huko hahitaji kuambiwa. Tangu zamani wamekuwa nacho kinywaji cha maziwa, mayai na sukari kinachotiwa pombe kali wakati wa Krismasi. Mwaka 1826, katika chuo cha kijeshi cha West Point ambako mkuu wa chuo, Sylvanus Thayer, alikuwa amepiga marufuku pombe, makadeti waliingiza wiski kwa siri ili sikukuu isiwapite bila kinywaji hicho. Usiku wa kuamkia Krismasi ukaishia kwa madirisha kuvunjwa, na baadhi yao walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi wakafukuzwa chuoni. Vijana wale walikosa, lakini angalau kila mmoja alijua kilichokuwa katika kikombe chake.

Kwetu pia desturi husema. Anayekuta wazee wa Teso wameuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, hana haja ya kuuliza kama ile ni uji. Na lugha zetu zimekuwa makini zaidi ya tunavyofikiri. Maji ya ndizi yaliyokamuliwa leo Waganda huyaita omubisi; yakikaa na mtama yakaumuka huwa omwenge. Nchini Rwanda kadhalika, umutobe ni kimoja na urwagwa ni kingine. Kwa macho mtu aweza kukosea, kwani ndizi ni zile zile. Lakini hapana mama mwenye adabu atakayempa mgeni omwenge akauita omubisi. Majina mawili yamewekwa ili mtu asiyekunywa aweze kukaa penye mtungi bila hofu. Hatudhani kwamba aliyeyabuni alikuwa mwanafalsafa, lakini alilijua jambo ambalo sisi na stashahada zetu tulilisahau kwa muda wa kutembea kutoka jikoni hadi ukumbini.

Desturi, basi, ni tangazo kwa yule aliyefundishwa kulisoma. Mgeni ni asiyejua kusoma katika nyumba hiyo. Nasi hatukuwa wageni sawasawa naye, kwa sababu tulikuwa tumeingia jikoni.

Hapo ndipo tulipoliona jambo ambalo halikuwa limetupitia akilini hapo kwanza. Sheria ya Marekani imefanya juhudi kubwa juu ya pombe. Sheria ya mwaka 1984 ilizisukuma serikali za majimbo kuweka umri wa miaka 21 kwa anayenunua. Sheria ya mwaka 1988 iliamuru kila chupa ibandikwe onyo la serikali kwa wajawazito na waendesha magari. Tuliziona chupa tatu mezani kwa mama yule, kila moja na maandishi yake. Lakini chupa hubaki jikoni. Kinachotoka ni bilauri, nayo haina karatasi, haina asilimia, haina onyo. Ina ushanga wa peremende. Chupa ina kinywa cha kusemea, bilauri haina. Mahali ambapo chupa huishia kusema, huanzia mwenye sinia. Sisi ndio tuliokuwa lebo ya kinywaji kile, na mtu alipotusoma alikuta maneno mawili.

Mtu atauliza kama basi mwenyeji ataje kila kitu, pamoja na chumvi. La hasha. Kipimo tunachokiona sisi ni hiki: litajwe lile ambalo mgeni akilijua huenda akakataa. Pombe imo, nyama ya nguruwe imo, karanga nazo zimo kwa wale ambao miili yao haizivumilii. Tena atajiwe kila mtu, si yule tu tunayemshuku. Kumwuliza mgeni mbele ya watu, “Je, wewe hunywa?” ni kumtaka atoe hesabu ya dini yake, au ya mimba yake, au ya maradhi yake. Na katika ukumbi wowote wa watu ishirini yumkini yumo mmoja aliyewahi kuwa mtumwa wa pombe, akajikomboa kwa taabu kubwa, wala hapendi ijulikane. Kwa huyo, funda moja la maziwa na peremende laweza kuwa na gharama kuliko lilivyokuwa kwa mwenzetu wa Lamu, ambaye alisukutua na yakaisha. Mwenyeji akisema tu, “Hiki kina vodka, na kile ni matofaa matupu”, kila mmoja huenda kwenye birika lake bila kueleza sababu.

Limebaki jambo tulilokuwa tukilikwepa, nalo ni kwa nini tulijibu vile. Tungependa kusema kwamba ukumbi ulikuwa na kelele, au kwamba sinia lilikuwa zito. Vyote viwili ni kweli, navyo ni ukweli wa namna ile ile ya maziwa na peremende. Ukweli mwingine ni kwamba, alipouliza, neno pombe lilitufika ulimini. Tukaona jinsi atakavyorudisha mkono, jinsi mama mwenyeji, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, atakavyohuzunika, na jinsi sisi tutakavyosimama katikati yao kama mkalimani mwenye habari mbaya. Tulitaka kila mtu afurahi kwa dakika moja ile. Tena tulipendezwa na jibu lenyewe, kwani lilikuwa fupi na tamu masikioni. Yote hayo yalipita kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kuyaandika, lakini yalipita. Na mtu ambaye neno limemfika ulimini akalimeza hawezi kusema kwamba alisahau.

Siku ya tatu tulikwenda kumweleza mama mwenyeji. Alihuzunika kweli, lakini si kwa sababu tuliyoiogopa. “Birika lilikuwa pale pale,” alisema mara mbili. Huzuni tuliyotaka kumwepushia ingekuwa ya nukta moja, naye angemmiminia mgeni wake maji ya matofaa kwa mkono wake mwenyewe akafurahi. Karamu ya mwaka mpya tulikuta ameegemeza kadi ndogo kwenye kila sinia, imeandikwa kwa mkono yaliyomo.

Mwenzetu hakutununia. Tuliendelea kupika kwa zamu, kusahihisha insha pamoja na kubishana juu ya ngeli, jambo ambalo walimu wa Kiswahili hawaliachi hata kwenye theluji. Ila tangu usiku ule alianza kuuliza. Tukipakua maharage, aliuliza, “Yana nini?” Tukileta chai, “Ina nini?” Hakuuliza kwa kisirani wala kwa kejeli, aliuliza kwa sauti ile ile ya ukumbini, akasubiri mpaka tumalize kutaja. Tulitaja vitunguu, tulitaja mafuta, tulitaja chumvi. Miezi mitano tulitaja. Ni adhabu iliyotustahili, ingawa hatuamini kwamba yeye aliikusudia iwe adhabu.

Asubuhi ya siku aliyoondoka, mwezi wa Mei, theluji ilikwisha yeyuka na basi lilikuwa la saa moja. Tuliamka mapema tukampikia chai. Tulipoiweka mbele yake tulianza wenyewe kabla hajafungua kinywa: maji, majani, maziwa, sukari, tangawizi.

“Na peremende?” akauliza.

Tukasema hamna.

Akacheka, akanywa.